Minyoo Waliovunja Mwiko

San Eladio, Mto Ucayali
2 Machi 1986

Kwa mpwa wangu Domitila,

Baraka za Mungu zikufikie na zangu zifuate. Huku tu wazima. Mama yako Hermelinda mzima, ila goti linamsumbua mvua ikinyesha, na mvua inanyesha kila siku. Anasema ule vizuri na usilale na nywele mbichi. Mwezi uliopita mto ulijaa mpaka chini ya sakafu, tukawa tunafunga mtumbwi kwenye ngazi ya jikoni. Sasa unashuka. Umekula ukingo kidogo upande wa shamba langu. Kidogo tu.

Sasa jambo lenyewe. Barua yako nimeisoma mwenyewe, sikumpa mtu, ingawa imenichukua Jumamosi nzima. Unasema chuoni Iquitos unataka utomvu wa mti wetu wa ojé uujaribu kwa minyoo walio ndani ya chupa, na profesa wako amekuambia utafute mmea mwingine kwa kuwa huo wa wazee ni hadithi. Mwambie hivi. Mimi Eleuterio Murayari nimewanywesha watu ojé miaka arobaini na moja. Nimewatoa watu minyoo warefu kama kamba za kufungia mbuzi. Hakuna aliyefia mkononi mwangu, na walioumia ni wale waliovunja mwiko. Siku saba bila chumvi, bila nguruwe, bila jua, bila kumgusa mume wala mke. Mtu akila samaki wa chumvi siku ya tatu halafu akavimba, alaumiwe ojé?

Lakini sasa kuna Nesi Rosenda, ameletwa na serikali pamoja na vidonge vyake. Anawaambia watu kijiko changu ni cha bahati nasibu, leo hakifanyi kitu, kesho kinaua. Tangu Krismasi wamekuja kwangu watu watatu. Mmoja ni mama yako, na yeye nilimlazimisha.

Ndiyo maana nataka karatasi ya chuo chako. Chupa naituma na meli, nahodha ataiweka karibu na kitanda chake. Wewe jaribu, kisha andika kwenye kitabu chako cha chuo: utomvu wa mti wa Eleuterio Murayari wa San Eladio. Jina lote, herufi kubwa. Nitaupigilia ukurasa huo misumari mlangoni mwa zahanati.

Mjomba wako,
Eleuterio


Iquitos, 27 Machi 1986

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na baraka zako naziomba. Mimi mzima, nakula, nywele nakausha. Mwambie Mama nimepata kitambaa cha goti, kitakuja na meli hii hii.

Chupa imefika salama. Minyoo ninawapata machinjioni, kwenye matumbo ya nguruwe, alfajiri nguruwe wakipasuliwa. Nawabeba kwenye chupa yenye maji ya vuguvugu, nimeibana kwapani wasipoe, na kwenye basi watu wanadhani ni maziwa ya mtoto. Niliwatia kumi katika dawa yako. Kwa nusu saa wote kumi walikuwa wamekufa. Profesa mwenyewe aliwageuza kwa kijiti, mmoja mmoja.

Mjomba, nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini naomba usimwambie mtu bado. Mara moja si kitu, lazima nirudie. Niambie pia, ndani ya chupa ulichanganya nini?

Mpwa wako,
Domitila


San Eladio, 20 Aprili 1986

Domitila,

Baraka kwako. Kitambaa kimefika, mama yako amekifunga kwenye goti na sasa anamwonyesha kila mtu goti. Hatujambo. Ndizi zilizonusurika na mafuriko zimeanza kuzaa.

Barua yako imefika siku ya msaragambo, tunaezeka kanisa. Niliisoma pale pale, nikiwa juu ya ngazi. Usinikasirikie. Watu arobaini walikuwa chini wakinywa pombe ya muhogo, na ningewezaje kuwa na kitu kama hicho mfukoni nikakaa kimya? Minyoo kumi kwa kumi. Hata Nesi Rosenda alikuwepo, ameshika kikombe. Akasema, mzee, si barua imesema usimwambie mtu? Nikamwambia, wewe si mtu, wewe ni serikali. Watu walicheka mpaka makuti yakateleza.

Wiki hii wamekuja wagonjwa kumi na wawili. Nimewaambia wangoje mwezi ukue, ndio wakati wa kukata.

Unauliza nilichanganya nini. Nini tena, pombe kali ya miwa, nusu kwa nusu, kama kila dawa inayosafiri. Kuna mtu anayetuma dawa bila pombe? Ingechacha kabla ya kufika Requena. Hapa nyumbani nawanywesha mbichi, na maji ya chungwa. Swali gani hilo la kumuuliza mtu wa miaka sabini na mbili?

Karatasi iko wapi?

Eleuterio


Iquitos, 14 Mei 1986

Shikamoo Mjomba,

Natumaini goti la Mama linaendelea vizuri. Mimi nilikuwa na homa siku tatu, nimepona.

Sijui niliandike vipi hili, basi naliandika kama lilivyo. Niliwachukua minyoo kumi wengine nikawatia katika pombe ya miwa peke yake, bila ojé. Walikufa wote kumi, tena upesi zaidi. Kwa hiyo hatujui ni nini kilichowaua wale wa kwanza. Profesa aliniambia, sasa umegundua kwamba walevi hawana minyoo. Darasa zima lilicheka.

Nilikuomba usiseme, Mjomba. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wewe umelitia pombe.

Nitumie utomvu mtupu. Mwombe nahodha auweke kwenye barafu ya samaki. Na hao kumi na wawili waambie waende kwanza kwa Nesi Rosenda.

Domitila


San Eladio, 8 Juni 1986

Domitila,

Mama yako anakusalimia. Mimi pia, kwa sababu ni desturi.

Mimi si mgema. Neno hilo nililifikiria siku nne nikilima. Sijawahi kulitia maji tembo la mtu.

Watu hawa wana masikio mapana. Nahodha wa meli amewasimulia habari ya pombe, sijui nani alimwambia. Sasa wanaume wa San Eladio wanakunywa pombe ya miwa tangu asubuhi, ukiwauliza wanasema wanaua minyoo, dawa imethibitishwa chuoni na mpwa wa Don Eleuterio. Wake zao wanakuja kunisuta mimi.

Nimekutumia chupa mbili za utomvu mtupu, zimo katika barafu pamoja na samaki wa padri. Zikinuka samaki usije ukaniambia tena kwamba samaki ndiye aliyewaua minyoo.

Eleuterio


Iquitos, 6 Julai 1986

Shikamoo Mjomba,

Mpe Mama salamu zangu nyingi. Namkumbuka kila jioni.

Chupa zimefika bado baridi. Minyoo thelathini, siku mbili. Niliwaweka kwenye maji ya chumvi yaliyopimwa, ndani ya sanduku la joto, na utomvu wako juu yake. Hakufa hata mmoja. Wamenenepa, kama wamepata uji. Nimerudia mara tatu.

Nimebakiwa na muda mpaka mwisho wa Novemba. Nisipokuwa na kitu cha kuonyesha, profesa atanipa mmea wake na nitaanza mwaka upya. Sikulaumu. Nimechoka tu, mikono yangu inanuka matumbo ya nguruwe hata Jumapili.

Domitila


San Eladio, 27 Julai 1986

Binti wa dada yangu,

Salamu baadaye. Barua yako nimeisoma mara tatu nikidhani macho yananidanganya.

Chumvi.

Umeitia dawa yangu kwenye chumvi. Wewe uliyekunywa ojé mkononi mwangu ukiwa na miaka sita, ukafungiwa chandarua siku saba ukila ndizi ya kuchoma isiyo na kitu, ukalia unataka samaki wa chumvi na mama yako akakunyima. Ulisahau? Chumvi ndiyo ya kwanza katika mwiko. Na minyoo wenyewe ni wa nguruwe. Nguruwe ndiye wa pili. Na umewatia kwenye joto, kama jua, na jua ni la tatu. Sitaki hata kuuliza kama umewatenganisha majike na madume.

Mimi nikimwambia Nesi Rosenda kwamba mpwa wangu msomi amewanywesha ojé minyoo wa nguruwe ndani ya chumvi kisha akalalamika haikufanya kazi, atanicheka yeye badala ya mimi kumcheka yeye. Waweke kwenye maji matupu, kisha uniandikie.

Goti la mama yako halijambo.

Eleuterio


Iquitos, 17 Agosti 1986

Shikamoo Mjomba,

Nimefanya ulivyosema. Profesa alinitazama kama mwendawazimu, lakini nilifanya, kwa ajili yako. Katika maji matupu minyoo walivimba na kupasuka kabla sijafungua chupa ya dawa. Mwili wa mnyoo umezoea chumvi ya tumboni, hauwezi kuishi bila hiyo. Najua utasema si wamekufa. Wamekufa kwa maji, Mjomba.

Sasa nisikilize. Profesa amenifundisha kipimo kidogo. Utomvu wa ojé wa kweli ukiwekewa kipande cha ute mweupe wa yai la kuchemsha, unaula. Jioni kipande kimekuwa laini, kesho yake hakipo. Tulinunua utomvu kwa bibi mmoja sokoni hapa, yai likayeyuka. Wa kwako tuliuwekea yai siku mbili. Yai lipo vile vile, hata kona zake hazijalegea.

Mjomba, utomvu huu umeukata kwenye ule mti mkubwa wa ukingoni, shambani kwako? Ule tuliokuwa tunajificha kwenye mizizi yake? Naomba unitumie tawi lenye majani na matunda, likaushwe katikati ya magazeti. Bila tawi hakuna atakayeamini ni mti gani. Ningetumia wa bibi wa sokoni, lakini hasemi anaukata wapi, na mimi nilitaka uwe wa kwetu.

Domitila


Iquitos, 21 Septemba 1986

Shikamoo Mjomba,

Meli imepita mara tatu bila barua. Nahodha anasema amekuona gatini ukiwa mzima, ukampa kisogo. Mama hajui kuandika, na anachotaka niambiwe lazima kipite kwenye kalamu yako, kwa hiyo sijui hata kama yeye mzima.

Nilikuuliza jambo moja tu. Sikukuuliza kwa ubaya.

Domitila


San Eladio, 12 Oktoba 1986

Domitila,

Mama yako mzima. Amenitukana wiki mbili, mchana kutwa, kwa hiyo ana nguvu. Ndiye aliyenikalisha hapa mezani.

Mti haupo. Mto uliuchukua Februari. Siku nne ukingo ulikuwa unamegeka, siku ya tano uliondoka na mizizi yake, ukasimama wima majini kama mtu anayeangalia nyuma, halafu ukalala. Nilikuwa nimekaa kwenye mtumbwi. Ulikuwa mti wa baba yangu. Barua yako ya kuomba utomvu ilikuja siku tisa baadaye.

Ningekuandikia nini? Kwamba mtu aliyewaponya watu wa mto mzima hana hata mti? Kuna mti mwingine mdogo nyuma ya shamba langu la zamani, utomvu wake mweupe. Nilijiambia mweupe ni mweupe. Nilijua. Majani yake ni membamba, na utomvu wake haunati vidoleni. Wale wagonjwa kumi na wawili niliwanywesha huo huo, na hakuna aliyetoa hata mnyoo mmoja, nikawaambia wamekula chumvi. Wote kumi na wawili. Saturnina mke wa mvuvi aliapa kwa watoto wake kwamba hakula, nikamwambia basi uliota umekula. Sasa wapo kwenye vidonge vya Rosenda.

Mti wa ojé mkubwa uliobaki upande huu uko kwa mtu mmoja, ukipanda mto kidogo. Nilikwenda. Jina lake silitaji. Hatujaamkiana miaka kumi na tisa. Alikunywa dawa yangu akavimba, akasema nimempa sumu, mimi nikasema amekula nguruwe, basi kila mmoja akashika lake. Nilimkuta barazani akishona wavu. Akasema, Eleuterio, umepotea njia? Nikamwambia sikupotea, nimekuja kwa mti. Akasema, mti hautembei, ungekuja siku yoyote.

Nikasimama juani kama mdaiwa. Akaniambia nikate nitakavyo, ila kwanza niseme mbele ya mkewe kwamba yeye hakula nguruwe.

Domitila, kuna maneno hayapiti kooni. Nilisema, sikukuona ukila. Mkewe akaangua kicheko, akasema chukueni hilo, miaka kumi na tisa mtu huyu anatafuta sentensi moja. Nikalala kwao, nikakata alfajiri bila kula, mwezi ukikua, kama inavyotakiwa. Mwenyewe alinishikia chupa. Tawi limo ndani ya gazeti. Yai nimelijaribu mimi mwenyewe, la kuku wa mama yako. Limekwisha.

Chumvi yako tia, kama ni lazima.

Eleuterio


Iquitos, 9 Novemba 1986

Shikamoo Mjomba, na shikamoo nyingine kwa kila siku niliyokukasirikia.

Mti ule niliujua kila tundu lake. Nimelia hapa peke yangu, kisha nikaenda machinjioni.

Minyoo thelathini katika utomvu mpya: kumi na tisa wamekufa, na wengine ngozi zimeanza kuliwa kama lile yai. Thelathini katika maji ya chumvi peke yake: wamekufa wawili. Profesa hakusema kitu cha kuchekesha. Alisema, rudia. Nimerudia, wamekufa ishirini na mmoja. Ila utomvu uliokaa siku kumi kwenye barafu haukuua hata nusu yao, na wa bibi wa sokoni ni mkali mara mbili kuliko wako. Kwa hiyo Nesi Rosenda hakukosea yote. Kijiko ni kile kile, kilichomo si kile kile. Hilo pia nitaliandika.

Tawi limebandikwa kwenye karatasi litunzwe chuoni. Chini yake kuna mistari ya kujaza: mto, tarehe, na mti uko kwenye ardhi ya nani. Najua ulitaka nini, Mjomba. Hukuficha tangu barua ya kwanza. Lakini siwezi kuandika kwamba mti ni wako. Mtu akija kesho kuutafuta asiukute, kazi yote inakuwa uongo, na mimi pamoja nayo.

Natetea tasnifu tarehe 28. Naomba jina.

Domitila


San Eladio, 17 Novemba 1986

Abdías Yaicate Manuyama. Ukingo wa kushoto ukipanda, baada ya kisiwa.

E. Murayari


Iquitos, 13 Desemba 1986

Shikamoo Mjomba,

Barua yako haikuwa na salamu, lakini nimeitunza kuliko zote.

Nimefaulu. Waliniuliza maswali saa mbili nzima, mengi kuhusu chumvi. Nimeeleza mwiko wako wote, na mmoja wao akasema inafaa pia kupimwa chakula kinafanya nini tumboni mtu akishakunywa ojé, kwani hilo hatukulithibitisha wala kulipinga. Sikuahidi kitu.

Nakutumia ukurasa uliouomba. Umeandikwa: utomvu ulitolewa kwenye mti ulio katika ardhi ya Bwana Abdías Yaicate Manuyama. Na chini yake: ulikatwa na kutayarishwa na Bwana Eleuterio Murayari wa San Eladio. Herufi ni za kawaida, chuo hakiruhusu kubwa.

Januari nakuja nyumbani.

Domitila


San Eladio, 4 Januari 1987

Domitila,

Baraka kwako, mwaka uwe mwema. Mama yako amekwisha kumchagua kuku wa kukuchinjia, na kuku mwenyewe amekwisha kujua, halali tena karibu na nyumba. Maji yameanza kupanda.

Ukurasa umefika. Nilichukua nyundo na misumari minne nikaenda zahanati. Nesi Rosenda alikuwa ameketi mlangoni. Akausoma wote, akaniambia, mzee, umeandikwa wa pili. Nikamwambia najua kusoma. Akasema nipigilie basi, ukuta ni wa umma. Nilisimama pale na msumari mdomoni. Kisha nikaona si mahali pake pa kwanza. Nikaukunja, nikashuka kwenye mtumbwi.

Abdías hajui kusoma, sijui kama nilikwambia. Nilimkuta na mkewe wakila. Hakunikaribisha wala hakunifukuza, alisogeza tu sahani. Nikaufungua ukurasa, nikamsomea kwa sauti, tangu penye utomvu ulitolewa mpaka penye San Eladio. Alitafuna taratibu, akameza. Akaniambia nirudie pale penye jina lake.

Nikarudia.

Mjomba wako,
Eleuterio